Mtafsiri na Neno "Tu"



Kwa miaka kadhaa sasa, nikishamaliza kazi yangu ya mchana ya uhandisi hapa Uswidi, jioni hukaa mezani kutafsiri madai ya hataza kutoka Kiswidi kwenda Kiingereza. Ni kazi kavu. Mke wangu, ambaye husoma hata maandishi ya kwenye paketi ya chumvi, aliwahi kuchukua ukurasa mmoja, akausoma hadi katikati, akanirudishia akisema, "Hawa watu mbona hawapumui?" Ni kweli hawapumui. Kwa desturi dai moja la hataza huandikwa kwa sentensi moja, hata kama sentensi hiyo itajaza ukurasa mzima.

Katika ukavu huo ndimo nilimokutana na swali ambalo nilidhani ni la wafasiri wa vitabu vitakatifu na la wanafasihi: mtafsiri anadaiwa uaminifu na nani? Je, na yule aliyeandika, na maneno yaliyoandikwa, au na yule atakayesoma? Nililikuta kwenye komeo la lango la ng'ombe. Nimeona niwaletee, kwa sababu wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumewahi kukaa katika kiti hicho cha katikati, tukiwa na lugha mbili mdomoni na jambo la mtu mwingine mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu hataza yenyewe. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anaeleza wazi alichokivumbua, kila mtu akisome na kujifunza. Serikali nayo inampa ulinzi, kwa kawaida usiozidi miaka 20 tangu alipowasilisha ombi, ili mtu mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Hati ya hataza ina maelezo, mara nyingi ina michoro, na ina madai. Maelezo hufundisha, madai huweka mpaka. Aliyewahi kununua kiwanja anajua tofauti hiyo. Muuzaji anaweza kukusimulia habari za udongo mzuri na mwembe wa babu yake, lakini siku ya ugomvi watu hawaangalii simulizi, wanaangalia mawe ya mpaka yako wapi. Madai ya hataza ndiyo mawe ya mpaka, na mawe hayo ni maneno.

Kwa nini Mswidi ahitaji Kiingereza? Mkataba wa Hataza wa Ulaya ulitiwa saini Munich mwaka 1973, na Uswidi imo tangu mwaka 1978. Ofisi iliyoundwa na mkataba huo hufanya kazi kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mvumbuzi anaweza kuwasilisha ombi lake kwa Kiswidi, lakini lazima alete tafsiri katika mojawapo ya lugha hizo ndani ya miezi miwili. Kuanzia hapo ombi linachunguzwa kwa lugha ya tafsiri. Yaani mawe ya mpaka yanang'olewa katika lugha moja na kupandwa katika lugha nyingine, na anayeyabeba usiku kutoka huku kwenda kule ni mtu kama mimi.

Watu hudhani kwamba kazi hii ni rahisi kwa kuwa maneno yake ni yale yale kila siku. Ni kweli kuna misemo ambayo imekwisha kuwa kama sare. Kiswidi kinasema "kännetecknad av att", Kiingereza cha Ulaya kinajibu "characterised in that". Kiswahili chake ni "kinachotambulika kwa kuwa". Kiswidi kinasema "enligt något av föregående krav", Kiingereza kinajibu "according to any of the preceding claims", yaani kwa mujibu wa dai lolote kati ya yaliyotangulia. Hutakiwi kuyapamba. Ni kama maneno ya kufungisha ndoa: anayeoza na anayeoa wanatamka kilichowekwa, na hakuna shehe atakayemsifu bwana harusi kwa kubuni msemo mpya wa kukubali.

Msemo huo wa kwanza umenifundisha jambo. Dai la namna hiyo lina sehemu mbili. Kabla ya "kännetecknad" mvumbuzi anataja yale ambayo wenzake walikwisha kuyajua: kwamba makomeo yapo, yana chuma cha kufungia, yana springi. Baada ya neno hilo ndipo anapotaja cha kwake. Kwa hiyo neno moja katikati ya sentensi linamlazimisha mtu kukiri, mbele ya umma, wapi mali ya watu inaishia na wapi yake inaanzia. Ningependa wengi wetu tungekuwa na neno kama hilo katika mazungumzo yetu ya kawaida.

Lakini chini ya sare hizo kuna mashimo. Chukua neno dogo kuliko yote, "en". Kwa Kiswidi "en skruv" ni skrubu, na pia ni skrubu moja. Neno ni lile lile. Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya "a" na "one". Ukiandika "a screw", wasomaji wa hataza huko Marekani kwa kawaida wataelewa kwamba skrubu inaweza kuwa moja au zaidi. Ukiandika "one screw", umempa mshindani nafasi ya kusema: changu kina skrubu mbili, kwa hiyo simo. Sisi Waswahili tunasema tu "skrubu", hatuna haja ya kuhesabu mpaka tuulizwe. Mswidi naye hakuhesabu. Mtafsiri ndiye anayejikuta akihesabu skrubu za mtu mwingine.

Shimo kubwa zaidi ni lile la vitenzi viwili. Kiswidi kina "innefattar", na kina "består av". Kwenye hataza cha kwanza hutafsiriwa "comprises": kifaa kina vitu hivi, na hakuna aliyesema hakina vingine. Cha pili, kikichukuliwa kwa uzito wake, ni "consists of": kifaa kimeundwa kwa vitu hivi, basi. Kwa Kiswahili tofauti yote imo katika neno "tu". Nikikuambia pilau ina mchele, nyama na bizari, hutashangaa ukikuta viazi. Nikikuambia pilau hii ni ya mchele, nyama na bizari tu, ukikuta kiazi utaniita mwongo. Katika hataza, "tu" hiyo inaweza kuamua mali yote. Penye "tu", mshindani anaongeza kipande cha nne, hata kiwe hakina kazi, anatoka nje ya mpaka akipiga mluzi.

Tatizo ni kwamba Mswidi wa kawaida, akizungumza jikoni au karakanani, hutumia "består av" bila kukusudia kufunga mlango. Anasema gari linaundwa na injini na magurudumu, wala hakanushi kuwepo kwa viti. Mhandisi anayejiandikia mwenyewe ombi la kwanza huandika kama anavyozungumza.

Sasa nije kwenye komeo. Mvumbuzi alikuwa mzee mmoja wa vijijini, fundi wa malango na mazizi. Dai lake lilisema, kwa Kiswidi safi kabisa, kwamba komeo lake "består av" chuma cha kufungia, springi na kasha. Vipande vitatu. Nilipofika hapo kalamu ilisimama. Nikajisemea: huyu mzee hajui alichoandika. Kesho kampuni kubwa itaongeza kipande cha mpira, itauza komeo lake Ulaya nzima, naye atabaki na karatasi. Nikamhurumia. Nilimwona kama mmoja wa wazee wetu wanaotia dole gumba kwenye mkataba wasiousoma. Nikaandika "comprises", nikapeleka kazi, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Kesho yake nilipigiwa simu na wakili wa hataza aliyenipa kazi ile, mama wa makamo aliyekuwa ameisoma Kiswidi na Kiingereza sambamba. Hapa watu wote huitana kwa jina la kwanza, lakini mimi moyoni nilimwita Mama. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Nani amekuambia kwamba amekosea?"

Nikaeleza habari ya kampuni kubwa na kipande cha mpira. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, tafsiri lazima ilingane na Kiswidi kilichowasilishwa; mkataba wenyewe unakataza ombi kuongezewa kitu ambacho hakikuwamo siku lilipowasilishwa, na mpaka niliousogeza kwa huruma unaweza kurudishwa kwa aibu miaka kadhaa baadaye. La pili lilinigusa zaidi. Alisema: "Yuko fundi mwingine, hatumjui jina. Ataisoma hati hii ili ajue wapi anaruhusiwa kupita. Huyo naye anakutegemea wewe."

Sikuwa nimemfikiria huyo mtu hata kidogo. Nilidhani chumbani tuko wawili, mimi na mzee wangu. Kumbe tulikuwa watatu, na wa tatu hakuwa na wa kumtetea. Nilipomwongezea mzee shamba, nilikuwa nimelikata kutoka kwa mtu ambaye hata hayupo kulalamika. Wema wa namna hiyo ni rahisi sana, kwa sababu gharama yake inalipwa na mwingine.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Yule mama alimwandikia mzee kumwuliza: ulikusudia vipande vitatu na visizidi, au ulikusudia vitatu hivyo na vingine vyovyote? Jibu lilikuja fupi. Vitatu, na visizidi. Alikuwa amejaribu kwa misimu ya baridi kadhaa, na kila alipoongeza kipande cha nne, maji yaliingia katika nafasi iliyokuwapo kati yake na kasha, yakaganda, na asubuhi lango halikufunguka. Komeo lake lilifanya kazi kwa sababu hakukuwa na kitu kingine ndani yake. Ile "tu" niliyoifuta kwa huruma ndiyo ilikuwa uvumbuzi wenyewe.

Nilikaa kimya muda mrefu na barua ile. Nilikuwa nimemchukulia mtu kwamba hajui maneno yake, kwa kuwa tu ni mzee wa kijijini na mimi nina shahada. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa nimeona ni ujinga wa mwenzangu usiohitaji hata kuulizwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa kingine cha zamani, kilichonikuta nilipokuwa na miaka michache tu nchini humu. Mzee mmoja wa kwetu aliniomba nimsindikize katika ofisi moja nikamkalimanie, katika shauri la kuwaleta jamaa zake. Mtumishi akauliza kama ana "syskon". Nikamwambia, "Wanauliza kama una ndugu." Mzee akajibu kwa utulivu, "Ninao saba." Nikasema kwa Kiswidi: "syskon" saba. Tukaendelea. Wala mimi wala mtumishi hatukuwa na haraka, hakuna aliyedanganya, na ukinikabidhi kamusi leo nitakuonyesha kwamba kila neno nililotoa limo.

Ila kwenye fomu ya awali mzee alikuwa ameandikiwa watatu. "Syskon" ni waliozaliwa na baba au mama mmoja. Ni neno lenye "tu" ndani yake. Ndugu ni neno lililo wazi kama baraza la nyumba: wamo waliozaliwa naye tumbo moja, wamo watoto wa mama mdogo, wamo watoto wa baba mkubwa aliolelewa nao. Mzee alikuwa amewahesabu wote, kama ambavyo mtu mwenye adabu angewahesabu. Watatu wa fomu na saba wa mdomoni wakaonekana ni hadithi inayobadilika, na shauri lake likachelewa kwa miezi mingi mpaka barua ya maelezo ilipoandikwa na kukubaliwa. Kiswidi kina neno "kusin" kwa mtoto wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo, nami nilikuwa nalijua. Tena Waswidi si watu wa kupuuza ukoo; wana "morbror" kwa mjomba na "farbror" kwa ndugu wa baba, mahali ambapo Kiingereza kinawarundika wote pamoja. Kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa langu. Nilihisi pale pale kwamba saba ni wengi, nikaona haya kumwuliza mzee mbele ya mtumishi, nikapita.

Alipopata barua ya kucheleweshwa alinipigia simu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Kwani wewe uliwaambia nini, mwanangu?"

Nimeweka visa hivi viwili pamoja kwa makusudi, kwa sababu vinaelekea pande tofauti. Kwenye komeo niliacha neno lililoandikwa nikafuata maana niliyoidhani, nikafungua kilichofungwa. Ofisini nilifuata neno nikaacha maana niliyoihisi, nikafunga kilichokuwa wazi. Kwa hiyo ugomvi wa siku zote, kwamba mtafsiri mwema hufuata neno au hufuata maana, haukunisaidia. Nimewahi kufuata vyote viwili na kumdhuru mtu mara zote mbili. Kilichofanana katika visa hivyo ni kimoja: niliona shaka, nikaificha. Aliyekuwa na jibu alikuwapo, mmoja umbali wa barua moja, mwingine umbali wa kiti kimoja, nami nikaamua kwa niaba yake bila kumwambia kwamba kuna jambo la kuamua.

Kuna watakaosema kwamba nayakuza mambo, kwa kuwa mwisho wa yote mahakama zipo, na majaji wenye hekima watatambua mtu alikusudia nini. Wakati mwingine hutambua kweli. Uingereza kulikuwa na kesi ya Catnic, iliyochapishwa katika taarifa za kesi za hataza mwaka 1982, kuhusu linta, yaani ule mhimili wa juu ya mlango au dirisha. Hataza ilisema bamba la nyuma limesimama wima. Mshindani akalilaza kidogo sana, nyuzi 6 au 8 tu, akadai kwamba lake si wima. Baraza la Malodi lilikataa ujanja huo: fundi anayesoma neno "wima" katika kazi ya ujenzi halielewi kama mwalimu wa jiometri.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Marekani iliamua kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston. Hataza ilihusu namna ya kuoka kinyunya, na dai lilisema kipashwe moto "mpaka" nyuzi kati ya 400 na 850 hivi za Farenhaiti, yaani kama 204 hadi 454 za Selsiasi. Kila mpishi anajua kwamba lililokusudiwa ni joto la tanuri. Kinyunya chenyewe kikifika joto hilo ni mkaa. Kwa Kiingereza tofauti ilikuwa kati ya "to" na "at", maneno ya herufi mbili mbili. Mahakama ilikubali kwamba ukisoma kama ilivyoandikwa unapata makaa, na bado ikakataa kurekebisha. Ilisema kazi yake si kuandika upya madai ya watu. Mwenye hataza akabaki na haki ya kumzuia mtu yeyote asiunguze mikate.

Na wala si wadogo tu wanaonaswa. Mswidi mwenye jina kubwa kuliko wote katika historia ya hataza, Alfred Nobel, alinaswa katika Kiingereza. Baruti yake isiyo na moshi, balistiti, aliyoivumbua mwaka 1887, ilichanganya nitrogliserini na nitroselulosi. Katika hataza yake ya Uingereza ya mwaka 1888 aliitaja nitroselulosi kuwa ya ile aina inayojulikana sana, inayoyeyuka. Mwaka uliofuata Frederick Abel na James Dewar, wanasayansi waliowahi kupata taarifa za kazi yake kutoka kwake mwenyewe, wakachukua hataza ya kordaiti, iliyotumia nitroselulosi ya aina isiyoyeyuka. Kesi ikapanda ngazi hadi Baraza la Malodi mwaka 1895, na upande wa Nobel ukashindwa kila ngazi. Mmoja wa majaji wa rufaa alimwonea huruma waziwazi, akitoa mfano wa mbilikimo aliyepanda mgongoni mwa jitu akaona mbali kuliko jitu lenyewe. Lakini huruma haikuhamisha mpaka. Neno "inayoyeyuka" lilikuwa limekwisha kuandikwa, na aliyeliandika alilimiliki pamoja na hasara yake. Nobel alifariki mwaka uliofuata.

Nikifikiria habari ya Nobel hujiuliza: kama hati ile ingepitia mikononi mwangu, ningefanya nini? Ningelifuta neno lile kwa kumwonea huruma? La. Ningeliacha likapita kwa kuwa si langu? Zamani ningeliacha. Leo ningeandika alichoandika, kisha pembeni ningeandika mstari mmoja: Bwana, neno hili linaacha nje aina ya pili, ndivyo ulivyokusudia? Angeweza kunijibu ndiyo. Angeweza kunijibu nishughulike na yangu. Lakini uamuzi ungekuwa wake, na angeufanya akiwa macho.

Hivyo ndivyo ninavyofanya sasa. Kila kazi ninayopeleka huambatana na karatasi ya pili, na mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi. Ninaandika: hapa pana "består av", nimeiweka "consists of", thibitisha. Hapa "en" nimeifanya "a", sababu ni hii. Hapa "respektive" inaweza kusomwa kwa njia mbili, na michoro haiamui. Pale Kiingereza kinaponiruhusu kuuacha utata ulivyo, nauacha. Sina haki ya kuwa wazi kuliko mwenye maneno.

Nisiwadanganye kwamba njia hii haina maumivu. Imewahi kutokea nikauliza, na mvumbuzi akajibu: la, sikukusudia kufunga, liweke wazi. Kumbe Kiswidi kilikuwa kimekwisha kuwasilishwa, na katika hati nzima hapakuwa na mahali pa kushikilia kuonyesha kwamba alikusudia zaidi. Wakili alimwambia ukweli, na ukweli ulimgharimu. Mimi ningeweza kunyamaza, kuandika "comprises", na pengine hakuna ambaye angegundua. Nililifikiria hilo kwa usiku mzima. Kisha nikamfikiria yule wa tatu, fundi nisiyemjua jina, akisimama mbele ya mpaka na kuuamini.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Tunausema msemo huu kama ulinzi: usinilaumu, nimetumwa. Lakini nadhani tumesahau kwamba ulinzi huo una sharti. Mjumbe hauawi kwa sababu hakuongeza wala hakupunguza. Akishasogeza neno moja kwa siri, hata kwa mapenzi mema, ujumbe umekuwa wake na yeye amekuwa mwenye shauri. Na sharti la pili ni gumu zaidi: akiona kwamba aliyemtuma ametamka neno ambalo huko aendako litasikika vingine, amana haimruhusu kuondoka bila kugeuka na kusema, "Mzee, huko watasikia hivi. Niende nalo?"

Wengi wenu mnaosoma hapa mnakaa katika kiti hicho kila wiki. Mnamkalimania mama kwa daktari, mnamsomea mjomba barua ya benki, mnamjazia fomu jirani aliyefika majuzi. Daktari anasema neno zito, nanyi mnalilainisha kwa kuwa ni mama yenu. Mama anasema "najisikia vibaya kidogo", nanyi mnajua "kidogo" ya mama ina ukubwa gani, lakini mnaitafsiri ilivyo kwa kuwa hakutaka kusumbua. Mimi siwezi kumwamulia mtu katika hali yake. Ninachoweza kusema ni kile ambacho komeo na ofisi vilinifundisha: ukihisi kalamu imesimama au ulimi umesita, usipite. Sema kwa sauti kwamba hapa pana njia mbili, na umwache mwenye jambo achague.

Yule mzee wa ndugu saba bado yu hai, na jamaa zake wamefika wote, mmoja wao ana mtoto anayesoma shule hapa. Nikienda kumtembelea hupenda kunitania mbele ya wageni. Husema, "Huyu ndiye kijana aliyenipunguzia ukoo." Wageni hucheka, nami hucheka pamoja nao. Kisha huninyoshea kikombe cha chai na kuniuliza, akikazia kila neno, "Sukari vijiko viwili, au viwili tu?"